Msafara wa Vyuma

Mama mkwe wangu hanunui kitu bila kukikagua. Nyanya huziminya, kanga huzivuta pembe zote nne, na kuku humpulizia manyoya ya kifuani aone ngozi yake. Siku nilipoletwa nyumbani kwao kama mchumba wa mwanawe Kasimiri, alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja changu, kisha akasema nitafaa. Sasa mtu wa namna hiyo kunaswa na mkataba wa jimu, ukumbi wa mazoezi, tena mchana kweupe, mbele ya macho yangu, ni jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka na kukasirika kwa pamoja.

Jina lake Bernadeta. Kwake ni Usoke, lakini tangu goti lilipoanza kumsumbua anaishi nasi hapa Isevya, Tabora mjini, maana shamba la tumbaku halimsubiri mtu anayechechemea. Daktari alimwambia goti lile linataka mazoezi. Yeye aliona mazoezi anayo tayari, kwa sababu kila Jumapili alikuwa anakwenda kwa miguu misa ya kwanza pamoja na rafiki yake Tekla, muuza karanga wa sokoni. Tekla alikuwa akipita kwetu kabla hakujapambazuka, anagonga geti letu la bati kwa fimbo yake mpaka mtaa mzima ujue kuwa ni Jumapili, huku akiita, "Bernadeta, Mungu hasubiri." Watoto wangu wote wanaamka, na mdogo analia. Nimeilalamikia fimbo ile kwa mume wangu, kwa mama mkwe, hata kwa padri, na hakuna aliyenisaidia.

Jimu ilifunguliwa kwenye lililokuwa ghala la karanga, karibu na duka la vitambaa la Bi Pramila. Mimi, Konso, ni fundi cherehani, nashona barazani kwa Bi Pramila, na mama mkwe huja kukaa nami mchana ananishonea vifungo. Ndipo alipotukuta mwenye jimu, kijana aliyejiita Shomari. Alikuwa amevaa fulana iliyombana kama ameazima kwa mdogo wake, na ulimi wake ulikuwa mtamu kuliko asali ya Sikonge. Alipita duka kwa duka akijitambulisha. Alipomsikia mama mkwe akinisemesha Kinyamwezi, akapiga makofi.

"Kumbe watani wangu hawa. Mimi Mzaramo, bibi. Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka kwetu pwani, na goti halikumuuma mtu. Nyinyi mmeacha mizigo, ndiyo maana mnachechemea. Sasa nimewaletea mizigo hapa hapa, mbebe bila kufika popote."

Mama mkwe aliweka sindano chini. Sikuwa nimemwona akifurahi vile tangu aondoke Usoke. "Na babu zako walikuwa wanakaa njiani kutudai hongo tupite," alimjibu. "Naona pwani hongo imeisha, umeifuata huku huku."

Basi wakashikana mikono, wakaanza. Shomari akasema Wanyamwezi wote ni watumwa wake, mama mkwe akasema Mzaramo akipewa jembe analilalia. Bi Pramila alitoka dukani kusikiliza. Katikati ya vicheko ikatokea karatasi. Mwezi wa kwanza bure, alisema Shomari, goti litanyooka, sahihi ni ya kumbukumbu tu ili asisahau jina la mtumwa wake. Mimi nikanyoosha mkono niisome. Mama mkwe akanipiga kofi la mkono, taratibu.

"Karatasi ya mtani haisomwi," aliniambia. "Mtani unamwita mwizi huku unacheka. Humvalii miwani."

Na mtu aliyempulizia kuku manyoya maisha yake yote akatia sahihi bila hata kuigeuza. Siwezi kumlaumu peke yake, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Mtani atachukua jogoo wako nyumbani na wewe utacheka, lakini hatakuacha na njaa, na ukifiwa yeye ndiye atakayechimba kaburi. Hatukumjua mtani anayechukua jogoo halafu akarudi mwezi ujao kudai vifaranga.

Kabla ya juma kuisha Shomari alimwambia kuwa akimleta mwenzake, mwezi wa pili nao utakuwa bure kwa wote wawili. Mama mkwe akamfuata Tekla sokoni. Tekla ni mtu mgumu, aliuliza nyuma ya karatasi kumeandikwa nini. Mama mkwe akamwambia yale yale ya mtani na miwani. Tekla akatia sahihi kwa kumwamini rafiki yake, na kesho yake wakaenda jimu pamoja wamejifunga kanga kiunoni kama wanaokwenda kupalilia.

Walikwenda siku hiyo tu. Hakuna aliyewauliza goti gani linauma. Mama mkwe alipandishwa kwenye mkeka unaokimbia, akashuka ameshika ukuta. Tekla alitupwa na mkeka huo huo mpaka kwenye godoro, na vijana waliokuwa wanabeba vyuma wakageuka ukutani ili asiwaone wakicheka. Wakarudi nyumbani, wakasema mambo ya jimu yameisha.

Hayakuisha. Ule mwezi wa pili wa bure haukuonekana, na wa kwanza ulipokwisha tu, Shomari alianza kupiga simu kudai malipo, na sauti ya utani haikuwemo. Sasa nikavaa miwani mimi. Nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, iliandikwa kwamba aliyetia sahihi amejiunga kwa mwaka mzima, aende asiende, na kwamba anayetaka kutoka kabla ya mwaka sharti alete watu wawili wa kuziba nafasi yake, nao watie sahihi ya mwaka mzima. Nilisoma kwa sauti, mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba maji.

Tekla alikuja jioni ile ile. Hakugonga kwa fimbo. Aliingia, akasimama uani, akakataa kiti.

"Umeniuza, Bernadeta," alisema. "Mimi niliuliza, ukaniambia nisisome. Umeniuza kwa mtani wako."

Akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuna aliyegonga geti. Nakiri kwamba nilifurahi, watoto walilala hadi jua lilipotoka. Jumapili ya pili niliamka mwenyewe gizani, nikachungulia, nikamwona mama mkwe amekaa karibu na geti, amevaa kitenge chake cha Wawata, chama cha kina mama wa Kikatoliki, rozari mkononi. Alikaa pale mpaka kengele ya pili ikalia, ndipo akaondoka peke yake, akipumzisha goti kila baada ya nyumba kadhaa. Iliniuma sana. Tekla na yeye walifundishwa ubatizo pamoja, wakazika waume zao mwaka mmoja, na sasa kila mmoja alikuwa anapita njia yake kwenda kumpokea Mungu yule yule.

Shomari alikuwa na dawa. Alikuja barazani akasema anasikia mama mkwe ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, na jumuiya ina kina mama wengi wanaomsikiliza. Alete wanne tu, yeye na Tekla watakuwa huru siku hiyo hiyo. Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa mbegu.

Mama mkwe alivipanga vifungo mapajani kimoja kimoja, nikaogopa kuwa anawahesabu kina mama wale. Nadhani alikuwa anawahesabu kweli. Kisha akamwambia kwamba akimtoa Tekla shimoni kwa kuwatumbukiza wengine wanne, atakuwa hajamtoa mtu, ameongeza shimo. Shomari akasema basi deni litaendelea kukua, akaenda zake.

Bi Pramila ndiye aliyefungua macho yetu, naye hakukusudia. Alikuwa anapima kitambaa mlangoni, akasema kijana yule ni mwema lakini anamshangaza. Alipokuja kumshawishi ajiunge, akaona picha za miungu juu ya kaunta, alimwambia kwamba yeye pia hali nyama tangu utotoni. "Konso, nikafurahi, nikampa chai na ganthia za dengu," alisema Bi Pramila. "Jioni nakwenda kufunga duka, namwona kwa muuza mishkaki, ameshika ya tatu."

Nikaacha kushona. Nikaenda kumuuliza Mchaga wa duka la vifaa vya ujenzi, naye alikuwa amejiunga. Akaniambia kwa furaha kwamba Shomari ni mtani wake, Mpare wa Same. Mwalimu mmoja Mngoni aliniambia Shomari ni Mhehe, na wameshatukanana vizuri sana. Frateri mmoja wa seminari ya Kipalapala alikuwa ameambiwa kuwa Shomari alitumikia misa miaka mingi. Kila mtu alikuwa na Shomari wake, na kila mtu alikuwa ametia sahihi bila kusoma.

Nilirudi barazani ninatoa moshi. Nilitaka twende polisi, twende kwa afisa biashara, twende redioni, nilitaka nimvue fulana ile hadharani. Mama mkwe alinisikiliza, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka vifungo vikamdondoka mapajani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Tekla asimame uani kwetu.

"Tusimvue," alisema. "Yeye mwenyewe amesema ni mtani. Basi atakuwa mtani."

Jumamosi jioni, jimu ikiwa imejaa, mama mkwe aliingia akiwa na kina mama wa jumuiya, kila mmoja ameshika ngata ya kitenge. Mimi nilikuwa nyuma yao. Tekla hakuwepo. Muziki ulikuwa juu, mama mkwe akasubiri mpaka mtu akauzima.

Alimwambia Shomari kwamba amekuja kuchukua hongo. Babu zake walilipa njia nzima kwenda pwani, na yeye kama mjukuu amekuja kudai irudishwe. Wateja wakacheka, na Shomari naye akacheka, angefanyaje? Kina mama wakaweka ngata vichwani, wakaanza kupakua vyuma, vile vya duara vyenye tundu katikati, kila mtu kwa nguvu zake. Mama mkwe alichukua kimoja, nikamkataza kwa sababu ya goti, akanitazama nikampisha. Wakatoka wamepanga mstari mmoja, mama mkwe mbele, wakiimba wimbo wa kulimia.

Tabora imeona misafara mingi, lakini nadhani huu ulikuwa wa kwanza wa vikongwe waliojitwisha vyuma vya jimu. Bodaboda walisimama. Wenye maduka walitoka. Shomari alitufuata akicheka mpaka kona ya njia, na hapo kicheko kikamkauka, akaanza kuomba. Mama mkwe alimjibu bila kugeuza shingo kwamba cha mtani hakiombwi, kinakombolewa. Akitaka vyuma vyake, aje na karatasi zilizotiwa sahihi na watumwa wake.

Tulipofika kwa Bi Pramila, watu walikuwa wamejaa. Wateja wa jimu nao walikuwa wametufuata. Mchaga wa vifaa vya ujenzi akamwita Shomari kwa furaha, "We Mpare, unaibiwa na Wanyamwezi unaangalia tu?"

Mwalimu Mngoni akageuka. "Mpare wapi? Huyo ni Mhehe wangu."

Mchaga, mwalimu, frateri, na Bi Pramila akiwa na mkasi mkononi, wote wakamtazama Shomari. Mama mkwe akiwa bado na chuma kichwani akamuuliza yeye ni mtani wa nani. Akisema Mzaramo, alikuwa na wajibu wa kukomboa, na wengine wangejua wamedanganywa. Akijisema Mpare au Mhehe, mambo yalikuwa yale yale. Mwisho akasema ataita polisi.

"Waite," mama mkwe alimwambia. "Uwaambie umeibiwa na mtani wako. Watakuuliza kabila, wataandika."

Akapandisha mguu kwenye ngazi ya baraza ili atue mzigo, na hapo goti likamkatikia. Nilimwona anayumba, chuma kinateleza kutoka kwenye ngata, na mimi nilikuwa mbali. Shomari aliruka. Alimdaka mama mkwe kiunoni kwa mkono mmoja, akakisukuma chuma kando kwa mwingine, nacho kikaenda kuumega ukingo wa baraza la Bi Pramila. Na katika kuruka huko alipiga ukelele.

"Mayu wane!"

Hakuna mtu aliyekuwa pale ambaye hakuelewa. Mtu anaweza kuazima kabila kwa ajili ya kuuza, lakini akishtuka anamwita mama yake kwa lugha aliyonyonya. Na lile halikuwa ziwa la Kizaramo.

Mama mkwe, akiwa bado mikononi mwake, alimuuliza kwa Kinyamwezi ni mtoto wa nani. Akajibu kwa sauti ndogo, kwa Kinyamwezi safi cha kwetu, kwamba ni mtoto wa marehemu Lugembe wa Usoke, nyuma ya stesheni. Mama mkwe akamshika kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku, kama anavyokagua kila kitu, isipokuwa safari hii alikuwa amechelewa.

"Wewe ni mtoto wa Sayi," alisema. "Mimi na mama yako tulikuwa tunafunga tumbaku pamoja."

Shomari akakaa chini kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno yangu makali tangu wiki ile, na yote yalinikimbia, maana alionekana mdogo ghafla. Mama mkwe akaketi kando yake, akilisugua goti.

"Mtani ningekutania, ukakomboa, tukacheka. Lakini wewe ni mwanangu, na mwana hana utani na mama. Jumatatu napanda treni kwenda Usoke. Nitakaa na mama yako, ataniuliza mwanawe anafanya kazi gani mjini. Nimwambie nini?"

Shomari alisema tu, akiangalia viatu vyake, kwamba angetuambia tangu mwanzo kuwa yeye ni kijana wa Usoke tungemwomba aturuhusu bure, kwa kuwa ni wa nyumbani. Hata mimi nilijua ningeomba, na ningenuna kama angeninyima.

"Tungeomba," mama mkwe alisema. "Na wewe ungetukatalia kwa Kinyamwezi. Nenda kalete karatasi."

Akazileta. Alichana ya mama mkwe, akachana ya Tekla, kisha Mchaga akanyoosha mkono, na mwalimu, na frateri, ikawa ni kuchana tu. Kuanzia jioni ile ikakubaliwa kuwa anayetaka kubeba vyuma alipe siku anayobeba. Ajabu ni kwamba wengi walirudi, hata Mchaga, anayedai kuwa Mnyamwezi anayejifanya Mpare ni bora kuliko Mpare. Vyuma navyo ilibidi virudi. Shomari aliwaomba kina mama wamsaidie, wakaketi barazani wakanyoosha miguu, wakamwambia Mnyamwezi hasaidiwi mzigo. Akavibeba mwenyewe, akienda na kurudi, tukimwimbia. Jumatatu mama mkwe hakupanda treni. Alisema goti bado, lakini nadhani aliona kijana ameshalipa, ingawa Bi Pramila analidai baraza lake lililomegeka mpaka leo.

Lakini jioni ile ya Jumamosi mama mkwe hakuwa na furaha kamili. Alivifunga vipande vya karatasi ya Tekla kwenye pembe ya kanga, nikamsindikiza sokoni. Tekla alikuwa anakaanga karanga kwenye mchanga wa moto. Alitusikia, hakuinua macho. Mama mkwe akaweka vipande vile mbele yake. Tekla akaendelea kukoroga.

"Nasikia alikutaka ulete wanne, ukakataa," alisema mwishowe.

"Nilikataa."

"Hata kwa ajili ya kunitoa mimi?"

"Hata wewe," mama mkwe alisema.

Tekla akazichota karanga, akazipepeta, akamhudumia mteja. Tulisimama mpaka tukaona aibu, tukarudi nyumbani taratibu kwa sababu ya goti. Nilitamani kurudi nikamtikise Tekla mabega. Mwenzio amebeba chuma kichwani kwa ajili yako, na wewe unapepeta karanga.

Usiku ule nililala kwa mang'amung'amu. Nje kulikuwa bado giza niliposikia hatua za kuburuta, kisha bati letu likalia kwa nguvu zote, tena na tena, na mbwa wa jirani wakaitikia.

"Bernadeta, Mungu hasubiri."

Mdogo akaanza kulia. Nilitoka mbio pekupeku, nikamkuta mama mkwe anahangaika na viatu huku machozi yanamtoka, nikampita, nikafungua geti mwenyewe kwa mikono miwili. Nikamwamkia Tekla shikamoo iliyotoka ndani kabisa ya moyo.

"Marahaba," alisema, fimbo ikiwa bado juu. "Nani kakwambia ufungue? Funga. Sijamaliza kugonga."

Nikalifunga.